Mtoto Aliyekataa Njia Iliyonyooka

Siku niliyostaafu mliniita nguzo. Aliyesoma hotuba alilitamka hilo neno mara nyingi hata nikaanza kuangalia kama dari iko salama. Nikapewa saa ya ukutani, kana kwamba mtu anayeenda kukaa nyumbani ndiye mwenye haraka ya kujua saa, na keki yenye jina langu lililokosewa herufi. Nawashukuru. Ila katika hotuba zote hakuna aliyeeleza nilikuwa nafanya nini katika kile chumba cha mwisho kule juu, na baadhi yenu mliniuliza kando, kwa aibu, kama ni kweli serikali ilinilipa kuficha peremende chini ya mikebe. Ni kweli. Kaeni niwaeleze.

Nilifika kazini mara ya kwanza nikiwa na digrii, sketi iliyopigwa pasi na faili nene la maswali ya kuwauliza watoto. Bosi wangu alikuwa Profesa Nekesa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuuza mitumba. Hakuligusa faili. Alinipa peremende moja akaniambia niifiche popote chumbani, kisha akaita msichana mdogo aliyekuwa amekuja na mamake kliniki. Yule mtoto hakuangalia chumba hata kidogo. Aliniangalia mimi, akaenda moja kwa moja nyuma ya pazia, akala peremende.

"Umemwambia na macho," Profesa akasema. "Hii kazi inataka uso wa karani wa serikali. Unaona kila kitu lakini huoni mtu."

Tulikuwa tunachunguza jinsi watoto wanavyokumbuka mahali. Vifaa vyetu vilikuwa mikebe ya mafuta ya kupikia iliyopakwa rangi mbalimbali na kupangwa sakafuni. Mtoto anaona tukificha peremende chini ya mkebe mmoja. Tunamtoa nje, tunabadilisha mikebe nafasi, tunamrudisha kwa mlango mwingine. Je, atafuata rangi ya mkebe, ama atafuata mahali, akipima kwa dirisha na meza? Hapo ndipo unapojua ramani iliyo kichwani mwake imechorwa namna gani. Profesa alikuwa na sheria moja, akaniimbia mpaka nikaiota: "Usimuulize mtoto anakumbuka nini. Mtoto ana adabu, atakujibu kile unataka kusikia. Angalia miguu. Miguu haina adabu."

Baadaye mradi fulani ulituletea vifaa vya kisasa kutoka ng'ambo, sanduku zima la picha. Mikebe ikasukumwa chini ya meza. Picha moja ilikuwa ya nyumba ya barafu, na mtoto alitakiwa aseme ni nini. Watoto wa kwetu hapa Uasin Gishu, mmoja baada ya mwingine, walisema ni kichuguu, na kitabu kikatuambia tuwaandikie sifuri. Niliuliza kama ningeweza kutuma picha ya kichuguu huko walikotoka hao wenye sanduku, nao waandikiwe sifuri zao. Nikaambiwa nina tabia ya kupinga. Hiyo tabia ndiyo mlikuwa mnaita nguzo.

Kisha ukaja ule uchaguzi, na vurugu zake. Mnajua kilichotokea hapa; wengine wenu mlikuwa watoto, na mlikuwa upande mmoja ama upande ule mwingine, kwa kuwa kwetu hata mtoto mchanga alipewa upande. Watu walihamia kwenye mahema, na nyuma ya mahema yakafuata magari meupe. Sijawahi kuona wataalamu wengi hivyo mahali palipo na vyoo vichache hivyo. Kila mmoja alikuja na kalamu za rangi. Kila mmoja aliwaambia watoto wachore nyumbani, na watoto wakachora nyumba inaungua, na mtaalamu akatikisa kichwa kwa huzuni, akagawa biskuti. Siku moja nilimpa kalamu msichana mmoja kambini kabla sijamwambia neno. Akaniangalia kama fundi anayesubiri oda.

"Unataka ile inaungua," akaniuliza, "ama ile nzuri?"

Nilirudi ofisini nikaitoa ile mikebe chini ya meza.

Njeri aliletwa kwangu mwaka uliofuata, wakati mahema mengi yalikuwa yameshang'olewa na viongozi wanatuambia tusahau, wao wakiwa wametangulia. Alikuwa na miaka tisa. Familia yake ilikuwa imechomewa nyumba na duka huko mashambani. Sasa walipanga chumba kimoja mtaani Kimumu, nyuma ya kibanda ambamo babake, Mwangi, aliuza viazi na mboga. Nyanya yake hakufika kambini. Hilo ndilo mamake aliniambia, kwa maneno hayohayo machache, na sikumsukuma.

"Huyu mtoto amepoteza akili ya njia," Mama Njeri akaniambia. "Shule iko hapo tu, karibu. Unaweza kuona bendera. Lakini kila siku anafika wenzake wamemaliza hesabu. Mwalimu mkuu amesema akichelewa tena nimtafutie shule ya watoto wasiojiweza."

"Na yeye anasema nini?"

"Anasema alipotea."

Mara ya pili aliyemleta ni babake, akakaa pembeni ya kiti kama mtu ambaye hajaamua kubaki.

"Daktari, wewe ni wa wapi?"

"Ni wa hapa Eldoret."

"Nimekuuliza vizuri."

"Jina langu ni Jepkosgei. Umeuliza vizuri, na sasa umejibiwa vizuri."

Lilikuwa jina la Kikalenjin, la upande uliomchomea duka. Alisimama, akamshika Njeri mkono, wakaenda. Sikumfuata. Vitabu vinasema mtaalamu ajenge uaminifu na mteja katika kikao cha kwanza. Waliovitunga hawakuwa wameishi katika mji ambamo jina lako linaingia chumbani kabla yako na kuchukua kiti chote. Mama Njeri alimrudisha mtoto baada ya majuma kadhaa. Shule ilikuwa imempa onyo la mwisho, na mumewe, alisema, amekubali kwa kunyamaza.

Nikaweka mikebe. Njeri alipata peremende. Nikabadilisha nafasi, nikamzungusha, nikamwingiza kwa mlango wa nyuma, akapata. Nilifunga pazia ili asipime kwa dirisha. Akasimama kidogo, akaangalia mwanya wa mlango, akapata. Katika kazi yangu yote sijaona mtoto aliyeshika mahali namna ile.

Wakati huo tulikuwa na mgeni kutoka ng'ambo, ambaye nitamwita Mtaalamu kwa sababu ndivyo alivyojiita. Mradi wake ulishughulikia sehemu ya ubongo inayotunza ramani na jinsi hofu inavyoiharibu. Hofu huharibu mengi, sibishi. Lakini yeye alikuwa ameshamwandika Njeri kwenye ripoti kama mfano wa kumbukumbu iliyoharibika, na alikuwa amempenda sana huyo mfano. Nilipomwonyesha matokeo aligeuza mkebe mmoja juu chini, akasema pengine mikebe ndiyo mibaya.

Nikaamua kuangalia miguu. Asubuhi moja nilienda Kimumu nikamwambia Njeri, "Nipeleke shule kwenu. Mimi sijui njia."

Alinipeleka. Ile bendera ilikuwa mbele yetu, mwisho wa barabara ya udongo wa murram iliyonyooka kama rula. Tulitembea kidogo, kisha kwenye kona ya kwanza akakata kushoto. Tukapita nyuma ya posho mill ya kusaga unga, tukapita kanisa la mabati, tukaruka mtaro, tukapenya ua wa misipresi uliotoboka. Na njia nzima alinieleza kama chifu anayetembeza wageni.

"Hapa usikanyage, kuna matope inajifanya ni nyasi. Huyo mbwa ni wa mlevi, lakini yeye mwenyewe halewi. Hapa ukipita saa ya lunch, huyo mama atakutuma sukari."

Huyo ndiye mtoto aliyepoteza akili ya njia. Tulitokea upande wa pili wa shule, soksi zangu zimejaa vishona-nguo, wenzake wakiwa wamemaliza hesabu.

Jioni yake nilimngoja kwa lango la shule tukarudi kwa ile njia yake ndefu mpaka kwenye kona. Nikamwuliza, "Kwa nini tusipite hapa moja kwa moja?"

"Hapa hakuna njia."

"Njeri, mimi naona njia."

"Ona tu," akasema. "Lakini hakuna."

Nilipomfikisha kwao nilirudi nikaipita peke yangu. Plot, plot, shamba dogo la mahindi, kiosk, na katikati geti la chuma lililopakwa rangi ya buluu. Basi. Lilikuwa geti kama mageti mengine. Nilisimama pale nikiwa na digrii zangu zote na sikuona kitu.

Wiki iliyofuata nilimpa Njeri maboksi ya viberiti, vifuniko vya soda na kalamu za rangi, nikamwambia anijengee kule walikokuwa wakiishi. Sikutaja moto wala vurugu. Alijenga duka kwanza. Akaweka tenki la maji, zizi la ng'ombe, choo, na mti wa parachichi ambao alisema ulikuwa unawaangukia kuku. Upande wa pili wa barabara akaweka boksi moja, akalipaka buluu yote, taratibu, bila kuacha nafasi nyeupe. Kisha akakusanya vifuniko vya soda, kimoja babake, kimoja mamake, kimoja nyanya, aliyemwita Cucu, na kidogo kilichojikunja, yeye. Akavisukuma pamoja hadi kwenye lile boksi.

"Sasa mnafanya nini?" nikamwuliza.

"Tunabisha."

"Halafu?"

"Tunabisha."

"Halafu?"

Akainua macho kuniangalia. "Daktari, kwani husikii? Tunabisha."

Mama Njeri alikuwa ameketi mlangoni. Akasema haraka, kwa sauti ya kubembeleza, "Lakini kina Baba Kiprono hawakuwa nyumbani, mami. Si nilikuambia? Siku hiyo walikuwa wameenda kanisani."

Njeri hakubishana. Alikusanya vifuniko, akavirudisha kwenye mfuko kwa adabu kabisa.

Matibabu ya jambo kama hili hayana uchawi, na msimruhusu mtu awauzie wokshop ya kuyapamba. Unamrudisha mtoto karibu na kile kinachomtisha, kidogokidogo, mkono wako ukiwa karibu na wake, mpaka mwili wake uone kwamba leo si siku ile. Tulianza kwa kusimama kwenye kona na kula mahindi ya kuchoma. Siku nyingine tulisogea hadi kiosk. Alitoka jasho, akashika sketi yangu mpaka ikavutika, tukarudi nyuma, tukajaribu tena juma lililofuata. Mahindi yenyewe niliyalipia kwa pesa yangu kwa sababu bajeti ya mradi ilikuwa na nafasi ya kalamu za rangi pekee.

Mwenye geti nilimtafuta mapema. Alikuwa mjane mzee wa Kikalenjin, watu wote wa mtaa wakimwita Kogo Tabitha, yaani Bibi Tabitha. Alikuwa na ng'ombe wachache, na alizungumza bila kuvuta pumzi. Nilimweleza.

"Unataka nifungue geti tu?" akauliza. "Mtoto abishe, nifungue?"

"Ndiyo, Kogo. Na umkaribishe."

"Ni mtoto wa nani?"

"Wa yule anauza viazi."

Akanyamaza. Kwa Kogo Tabitha hilo lilikuwa tukio la kuripotiwa. Alijua yule muuza viazi ni nani na alitoka wapi. Kila mtu alijua, na kila mtu alinunua viazi akiangalia pembeni.

"Geti langu limemkosea nini?" akauliza mwishowe.

"Halijamkosea. Ni rangi inafanana na ingine."

"Basi nitapaka ingine. Nitapaka kijani."

"Hapana, tunaitaka hivyo hivyo."

"Hawa watu wa vitabu," akamwambia ng'ombe wake. "Wakiona mwiba wanasema usitoe, tunausoma." Lakini alikubali, na akasema atapika chai.

Mtaalamu aliposikia alitaka kuja na kamera. Alisema lile lango likifunguka litakuwa picha nzuri ya jalada. Nilimwambia tarehe isiyo sahihi, na siku ile aliyokuwa akisafisha lenzi zake sisi tulikuwa tumeshamaliza. Nalisema hili bila majuto yoyote.

Ilikuwa asubuhi ya jua, mtaa umetulia. Tulikuwa watatu: Njeri, mamake na mimi. Alipita kona. Akapita kiosk. Alipofika getini alikuwa anahema kama aliyepanda mlima, lakini mkono aliuinua mwenyewe. Akabisha.

Geti halikufunguka.

Akabisha tena, kwa nguvu. Geti la chuma lina sauti mbaya, linaguta mpaka tumboni. Hakuna aliyekuja. Kogo Tabitha, aliyeahidi kupika chai, hakuwepo. Baadaye nilijua mjukuu wake alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa alfajiri na yeye ndiye aliyempeleka hospitali. Lakini pale nilijua jambo moja tu: nimemleta mtoto huyu, kwa majuma yote haya, kwa mahindi yote yale, mpaka mbele ya geti la buluu, abishe, na asifunguliwe. Mama Njeri alikuwa tayari amefungua mdomo. Nilijua atasema nini. Atasema wameenda kanisani.

Njeri akamtangulia. Alikuwa ameinama anaangalia kitasa. Akashika kufuli kubwa lililoning'inia, akalipima uzito kiganjani.

"Hii iko nje," akasema.

"Ndiyo," nikasema.

"Hawa hawako. Wamefunga wakaenda."

"Ndiyo, Njeri. Hawako."

"Wale walikuwa." Sauti yake haikupanda. "Ile ilifungwa na ndani. Niliona gambuti za Baba Kiprono hapo chini ya geti. Alikuwa amesimama. Cucu akamwita kwa jina."

Nilimwangalia mamake. Alikuwa amejishika kifuani kwa mikono yote miwili. Mwaka mzima alikuwa amemwambia mwanawe kwamba majirani hawakuwepo, kwa upendo, ili asijue mapema watu ni nini. Na mtoto, kwa kuwa alikuwa na adabu, alikubali kwa mdomo, kisha kila asubuhi miguu yake ikakataa. Hakuna kilichoharibika katika ramani yake. Sisi wakubwa ndio tuliokuwa tukimwambia afute kitu alichokiona.

"Mama?" Njeri akasema.

Mama Njeri alichuchumaa kwenye murram na nguo yake nzuri. "Niliziona pia," akasema. "Hizo gambuti. Niliziona. Mimi ndiye nilikudanganya."

Walilia kwa muda, na mimi nikaangalia bendera ya shule, kwa kuwa hakuna uso wa karani unaoweza kazi hiyo. Kisha Njeri akajifuta na sweta, akauliza ni saa ngapi. Akaenda shule kwa njia iliyonyooka. Alifika hesabu ikiwa ndiyo inaanza, jambo ambalo, aliniambia baadaye, halikuwa faida kubwa kama tulivyomwahidi.

Mtaalamu nilimweleza yote. Aliandika kwamba zoezi liliingiliwa na jambo lisilopangwa, yaani kufuli, na kwa hiyo haliwezi kuhesabiwa kama ushahidi. Kwenye semina ya amani ya mwezi ule, hotelini mjini, niliinuka nikasema kuna watoto hapa wanaojua nani alikuwa nyuma ya geti. Mwenyekiti, mtu wa jamii yangu, alinishukuru kwa mchango wangu na kutangaza mapumziko ya chai. Samosa zilikuwa nzuri. Watu walinikwepa mezani kama ugonjwa.

Jumamosi ya juma lile la geti, mchana, Kogo Tabitha alikuja kunitafuta. Alikuwa amesikia. Aibu ilikuwa imemkalia usoni, na alikuwa amebeba jerikeni ya maziwa.

"Mtoto alikuja kwangu na sikufungua," akasema. "Nipeleke kwao."

"Kogo, babake hapendi..."

"Sijakuuliza anapenda nini."

Tulienda. Kibanda kilikuwa kimefungwa, wamepumzika ndani. Kogo akasimama mbele ya mlango wa mbao akapiga hodi, na ile hodi yake ilitoka kwa Kikalenjin kizito ambacho hakuna mtu mtaani angekikosea. Ndani, redio ikazimwa. Kogo akapiga hodi tena. Nikasikia Mwangi akisema kitu kwa chini, na mkewe akajibu kwa chini zaidi, na baada ya hapo hakuna aliyesema neno.

Halafu sauti ya Njeri, wazi kabisa, kama anayesahihisha hesabu ya mtu.

"Baba, kwani hatuko?"

Kiti kikakwaruza sakafu, kikatulia, kikakwaruza tena. Kisha komeo likavutwa. Mwangi alisimama pale, fulana imetoboka begani, akimwangalia yule mama mzee, na hakuwa ameamua uso wake ukae vipi. Kogo Tabitha hakumngoja aamue. Alimsukumia jerikeni mikononi.

"Umekawia," akamwambia, akiinama kuingia. "Hii kitu ni nzito."